Divai ya Povu ya Mama Emerance

Muntu asiniletee tena ile habari kwamba Mama Emerance alienda Ulaya kulewa. Nimeisikia sokoni, nimeisikia nje ya kanisa watu wakitoka misa ya pili, na juzi nimeisikia hata kwa kijana wa moto, pikipiki ya abiria, aliyekuwa ananipeleka bandarini, kijana ambaye hajawahi kumuona Mama Emerance hata kwa picha. Nilimuambia asimame. Nikashuka, nikamulipa, nikatembea kwa miguu na kapu langu kichwani. Afadhali jua linichome kuliko kubebwa na muntu anayemutukana dada yangu.

Si dada wa tumbo moja. Mimi ni Bertille, nauza ndagala kavu, vile visamaki vya ziwa. Yeye ana depo ya vinywaji hapa kwetu Kataki, mu muji wa Kalemie, mulango wake na wangu vinatazamana. Tumezika waume wetu mwaka mumoja. Chumvi ikiniishia navuka barabara, na yeye akikosa makaa anavuka. Kwa hiyo mambo ya Mama Emerance nayajua, na kama kuna muntu wa kuyasema, njo mimi, ni mimi hasa.

Ni hivi. Mama Emerance anapenda divai, na hajawahi kuficha. Bia anaiuza kaziye kwa kaziye, kreti nzima nzima, lakini yeye hainywi. Lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, ndiyo usiseme, hata harufu yake inamukimbiza. Anapenda divai, na kati ya divai zote anapenda ile ya povu, ile inayofunguliwa kwa kishindo watoto wakaruka. Alionja mara ya kwanza akiwa binti, alipokuwa anapika kwa familia ya injinia mumoja wa reli. Siku ya harusi ya mutoto wao, bibi wa nyumba aliingia jikoni na glasi, akamuambia, "Emerance, na wewe furahi." Tangu siku ile ni chupa moja ya Noeli, chupa moja ya Pasaka. Zinavuka ziwa kutoka Kigoma zimeviringishwa mu mablanketi, na masua ikichelewa yeye hakai, anashuka pwani kila saa kuangalia.

Anakunywa glasi moja, nyingine anatugawia. Anafunga macho, anasubiri, halafu anatuambia alichokutana nacho: hii ina ndimu, hii ina mukate uliotoka kwenye moto sasa hivi. Sisi tunacheka hadi machozi. "Mama Povu, na ndagala imo?" tunamuuliza. Naye anacheka na sisi. Sijawahi kumuona amelewa, namuapia Mungu. Hao wanaomusema, Jumapili jioni wanarudishwa nyumbani wawili kwenye moto moja, mumoja akimushika mwenzake asianguke.

Basi mwaka jana alinivukia barabara asubuhi, akaketi juu ya gunia langu, akasema, "Bertille, naenda likizo."

"Likizo ya nini?"

"Ya kuonja divai ya povu kule inakozaliwa. Ufaransa."

Mawee! Kwetu muntu akipanda ndege ni mugonjwa anayepelekwa kutibiwa, au kuna matanga, au ni mubunge. Likizo ni neno la watu wa biro, wa ofisini, na hata wao wanaitumia kwenda kulima. Mwanamuke mujane, wa umri wake, aende mbali vile kujifurahisha tu? Muji wote ukapata kazi ya kufanya. Papa Cyrille, yule anayejifanya musemaji wa parokia, alimusimamisha mbele ya kanisa na kumuambia kwa sauti kwamba nauli ile ingefaa kwa bati za nyumba ya Mungu.

"Papa Cyrille," Mama Emerance akamujibu, "bati mimi nilitoa mwaka juzi. Wewe ulitoa nini?"

Watu walicheka, lakini siku hiyo njo ile habari ya ulevi ilipozaliwa. Nawaambia ili mujue ilitoka kinywa gani.

Sasa, kuna jambo lingine, na hilo halikusemwa sokoni kwa sababu nililijua mimi peke yangu. Huko Ufaransa, mu muji wa Reims, katikati ya mashamba yenyewe ya divai ya povu, anaishi mutoto wake. Anaitwa Aristide. Ni mumoja tu, Mungu hakumuongezea mwingine. Alimusomesha kwa jasho la depo ile, minerval, ile karo ya shule, ya hapa, minerval ya Lubumbashi, hadi akapata nafasi ya kuendelea Ulaya, na huko akabaki. Anafanya kazi ya bima. Kila mwaka alikuwa anasema, "Mwaka ujao, Mama, nitakuita." Mwaka ujao ukazaa mwaka ujao mwingine, hadi ukawa na wajukuu.

Divai Mama Emerance alikuwa anaitaka, sikatai. Lakini alikuwa anamutaka mutoto wake zaidi. Aliniambia waziwazi, "Bertille, nataka kuketi naye mahali, glasi zetu mbele yetu, watu wapite waseme, huyu mama yuko na mutoto wake." Hiyo tu. Hakutaka simu mupya, hakutaka nguo. Muniambie basi ulevi uko wapi hapo.

Aristide alimupokea uwanja wa ndege, akamukumbatia, akalia. Hilo namupa, alilia. Halafu akapangusa machozi na kuitazama pagne, kile kitenge alichojifunga mama yake, juu hadi chini. Kesho yake kabla ya kwenda popote alimupeleka dukani, akamununulia koti jeusi na suruali. Suruali! Mama Emerance, ambaye hata wakati wa vita tulipokimbilia Zongwe kwa muguu alikimbia na pagne yake!

"Mama, hapa watu wanatazama," alimuambia.

"Waache watazame. Macho ni yao."

"Nakuomba, Mama."

Akaivaa. Mama anaombwa na mutoto wake, atafanya nini? Alisema alijiona kama amevaa nguo za marehemu.

Lakini siku ya kwanza ya kuonja ilikuwa nzuri, na nisiposema nitakuwa muongo. Walienda kwa muzee mumoja muzungu, mwanamuke, mwenye shamba dogo nyuma ya nyumba. Aliwashusha chini ya ardhi, kwenye mapango marefu yaliyochongwa mu mawe meupe, kuna baridi, na chupa zimelala maelfu, zimeinamisha shingo. Muzee yule alieleza kwamba povu haliwekwi. Divai inafungwa ndani ya chupa, inachacha tena humohumo gizani, na povu linajizaa lenyewe. Mama Emerance alimuuliza maswali hadi muzee akavuta kiti. Walipopanda juu, muzee akaleta chupa imefungwa, akaifungua mbele yao, akajimiminia tone, akaonja, kisha akawamiminia wageni. Mama Emerance alifunga macho. Aliniambia ilikuwa na tofaa, halafu chumvi kidogo, halafu kitu ambacho hadi leo hajapata jina lake, na kwamba alicheka peke yake kama mutoto. Aristide pia alicheka. Siku ile walikuwa mama na mutoto.

Siku ya pili njo inanitoa jasho hadi leo.

Alimupeleka kwenye nyumba kubwa, yenye geti refu na maua yaliyokatwa sawasawa kama yamepimwa kwa kamba. Jina silitaji. Waliingia na kundi la wageni wengine, na kumbe mu kundi lile alikuwemo shefu wa Aristide, mukubwa wake kazini, na bibi yake wa ndoa. Aristide alipomuona akainyoosha shingo ya shati. Akasogea kando ya mama yake hatua moja. Akasogea nyingine. Walipofika chumba cha kuonjea, kati yao wangeweza kupita watu watatu na muzigo.

Hapa munielewe vizuri, maana wengine wanaonisikiliza si wa kwetu. Sisi hatumuletei mugeni chupa iliyokwisha kufunguliwa. Unaileta imefungwa, unamuonyesha, unaifungua macho yake yakiona. Unajimiminia wewe kwanza, unakunywa, njo unamumiminia yeye. Si kwamba mugeni anakudhania muchawi. Ni heshima. Unamuambia, kama kuna ubaya ndani ya hiki, uanze na mimi. Hata mu bar ndogo kabisa ya Kalemie, ukiletewa bia iliyofunguliwa huko nyuma unairudisha, na hakuna atakayekuona mubaya.

Sasa pale, mutumishi mumoja, kijana, akatokea nyuma ya pazia na sinia ya glasi zimekwisha kujazwa. Wote wakachukua, wakanywa. Mama Emerance akachukua ya kwake, akaishika, akamungojea yule kijana. Kijana akatabasamu. Naye akatabasamu. Akamuambia kwa Kifaransa, kwa upole, "Anza wewe, mwanangu."

"Mimi niko kazini, Madame. Sinywi."

"Kidogo tu. Ulowanishe midomo."

"Kwa nini, Madame? Divai yetu ina kasoro?"

"Hapana. Wewe njo unanipa. Basi uanze."

Watu wakageuka. Mumoja akacheka. Mama mwingine, muzungu, akainusa glasi yake na kuirudisha kwenye sinia, na hapo uso wa kijana ukawa mwekundu, akasema ataenda kumuita mukubwa wake. Mama Emerance akaona mambo yameharibika, na yeye hakuwa na nia mubaya hata chembe. Akainua macho kumutafuta Aristide. Maana Aristide anajua! Amekulia kwenye depo. Akiwa hivi, mudogo, yeye njo alikuwa analamba juisi ya wageni kwanza, anakimbia nayo, wageni wanamusifu. Neno moja tu lake lingetosha. Angewaambia, kwetu ni desturi, ni adabu, na wazungu wale wangecheka vizuri, na kijana angeonja, na mambo yangeisha.

Badala yake shefu akamuuliza, "Aristide, huyu mama unamujua?"

Na Aristide akajibu. Nayarudia maneno yake kama yalivyo, nisije nikaambiwa nimeongeza. Alisema, "Ni mama mumoja wa kwetu, wa kijijini. Niliombwa kumutembeza tu. Wana imani zao za zamani."

Wa kijijini! Kalemie ni kijiji? Muji wenye bandari, wenye reli, wenye gavana! Lakini hiyo ya kijiji naweza kuimeza. "Mama mumoja" siimezi. Mama mumoja! Kama anahesabu maembe! Muntu aliyekubeba tumboni, aliyelala sakafuni hospitalini ulipougua surua, aliyeuza hadi cherehani yake ili upande ndege, huyo leo ni "mama mumoja", kwa sababu shefu amevaa koti zuri? Wazee walisema mukataa kwao ni mutumwa. Mimi nilikuwa nadhani ni methali ya kutishia watoto, kumbe nimemulea mutumwa huyo mimi mwenyewe, nimemupa ndagala yangu akala.

Na waliongea kama vile yeye hayupo, na Kifaransa cha haraka hakimupiti. Alisoma kwa masista! Alisikia kila neno. Aliiweka glasi mezani imejaa, taratibu, isimwagike, akatoka nje akasimama karibu na gari.

Njiani alimuuliza, "Aristide, mimi ni nani wako?"

"Mama, usinielewe vibaya. Hujui ninavyoishi pale. Nikikosea kidogo tu wanasema ni kwa sababu nimetoka huko. Nimepigana miaka yote hii wanione kama wao. Na wewe mbele ya shefu ukaanza mambo ya kuonja..."

"Sijakuuliza kazi yako. Nimeuliza mimi ni nani wako."

Akanyoosha mukono, akawasha redio. Munasikia? Akawasha redio! Angekuwa karibu ningemutandika na ile sandale ya plastiki kama zamani, na bima yake ingemulipia.

Ingekuwa ni mimi, kesho yake ningekuwa kwenye ndege narudi. Lakini Mama Emerance si mimi. Asubuhi aliamka, akalikunja lile koti na ile suruali, akaviweka juu ya kitanda cha mutoto wake, ambaye alikuwa amekwisha kwenda kazini. Akafunga pagne zake mbili, zile za buluu zenye ndege weupe, akafunga kitambaa kichwani, akavaa sweta juu. Kulikuwa na nyumba ya tatu ya divai, Aristide alikuwa amekwisha kumuandikia nafasi, nje ya muji, kwenye kijiji kilicho kati ya mizabibu. Akamuuliza jirani wa chini basi inapita wapi, akaenda. Na wale wanaoniuliza alithubutu vipi wananichekesha. Muntu anayevuka ziwa na kaziye za bia juu ya masua inayovuja, wanaume wakitapika kila upande, mutamutisha na basi yenye kiti laini?

Nyumba ile ilikuwa ya bwana na bibi na binti yao. Meza moja ndefu, wageni wachache. Binti akamukaribisha, akaisifu pagne yake, akaifungua chupa mbele yake, akamimina. Wakaanza kuongea. Akamuuliza ametokea wapi, akamuambia, akamueleza ziwa na ndagala na ile chupa ya Noeli. Binti akafurahi sana.

"Na umekuja peke yako kutoka mbali hivyo, Madame? Huna mutoto huku wa kukusindikiza?"

Mama Emerance akasema, "Sina."

Alinieleza hayo hapa, juu ya gunia langu, akitazama miguu yake. "Bertille, nilisema sina. Na divai ile njo ilikuwa nzuri kuliko zote nilizoonja maisha yangu, na sikuweza kuimeza. Ilibaki kinywani hadi ikapoa povu."

Na Aristide alikuwa amesimama mulangoni.

Alitoka kazini katikati ya muchana kwa sababu simu ya nyumbani ilikuwa inalia bila jibu. Alikuta koti juu ya kitanda, akajua, akaendesha gari hadi kule. Hayo amenieleza yeye mwenyewe kwa simu, analia. "Mama Bertille, nilisikia kwa masikio yangu. Alisema hana."

"Vizuri," nikamuambia. "Kumbe masikio bado unayo."

Binti wa nyumba alimuona pale mulangoni, akamuuliza kama naye ana nafasi.

"Nimemufuata mama yangu," Aristide akasema. "Yule pale."

Binti akamutazama Mama Emerance, akamutazama Aristide, akachanganyikiwa. "Lakini Madame ameniambia hana mutoto."

Aristide akakaribia, akasema tena, safari hii kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba huyu ni mama yake, ni yeye aliyemuzaa, na kwamba yeye njo muntu mubaya. Akataka kupiga magoti. Mama Emerance akamuzuia kwa mukono.

"Usinipigie magoti mbele ya watu wasiokujua. Hawa hukuwaambia kitu jana. Simu unayo?"

"Ninayo, Mama."

"Muite shefu yako."

"Mama, sasa hivi yuko kwenye mukutano."

"Sasa hivi mimi pia niko kwenye mukutano. Muite."

Akamuita. Shefu alipokea upesi, akidhani kuna ajali. Aristide akasema yote, amesimama wima katikati ya chumba, wageni na glasi zao wakisikiliza. Alisema yule mama wa jana hakuwa mama mumoja wa kijijini. "Ni mama yangu. Anaitwa Emerance, ametoka Kalemie. Nilimukana kwa sababu nilikuonea haya wewe. Na ile desturi ya kuonja kwanza ni yetu, na mimi ninaijua, na nilinyamaza." Shefu alijibu nini, Mama Emerance hakuuliza. Hakikuwa kitu alichokuwa anakitaka.

Alimungojea aiweke simu mufukoni. Kisha akamuambia, "Haya. Vuta kiti."

Yeye njo mama yake. Mimi ningemuacha asimame.